Ndimu Asubuhi, Ngozi Saa Tisa

Ukiyapaka asubuhi, mafuta yale yalinukia ndimu. Si maji ya ndimu ya kukamulia samaki, ni lile ganda, unapolichuna kwa ukucha likakurukia machoni. Mtu mwenye haraka angesema ameibiwa, ameuziwa ndimu ndani ya chupa. Ikifika saa nne ndimu imechoka, unaingia moshi, moshi mkavu wa kuni zilizozimwa kwa maji. Na jua likishapinda, saa tisa hivi, ndipo ngozi inapojitokeza: ngozi ya ng'ombe, iliyokauka, yenye chumvi, na utamu kidogo kwa chini kama mkanda wa saa uliovaliwa miaka mingi. Ikishafika hapo haiondoki mpaka uoge, na hata ukioga hubaki kidogo kwenye kiwiko.

Naeleza kwa uhakika kwa sababu kuna siku nilikaa mbele ya wakwe zangu tangu asubuhi, mkono wazi, nikingoja harufu hiyo ifike saa yake. Isingefika, ningerudishwa kwetu na mtoto wangu angebaki.

Kwetu ni Ukuria, karibu na mpaka wa Tanzania. Niliolewa kwa Wajaluo wa upande wa Ndhiwa, katika miaka ya tisini, wakati ambapo watu wetu na watu wao walikuwa bado wanatazamana kwa jicho la pembeni kwa ajili ya wizi wa ng'ombe. Mume wangu alikuwa mnunuzi wa ngozi. Alikuja kwa baba yangu kununua ngozi za wanyama waliochinjwa, kisha akawa anakuja hata wiki ambazo hakuna aliyechinja. Baba hakuwa mjinga. Alimuuliza kama siku hizi ananunua ngozi zikiwa bado zinatembea.

Nilifika Ndhiwa sijui Kidholuo zaidi ya salamu. Na mama mkwe wangu tulisemezana kwa Kiswahili, chake cha sokoni, changu cha shule, na mara nyingi tulinyamaza. Mume wangu alishinda Migori kwenye stoo ya ngozi, akizitia chumvi, akizikunja, akizipakia kwenye lori, na kurudi nyumbani Jumamosi. Alijisugua kwa ndimu mpaka vidole vikapasuka, na bado Jumapili kanisani watu waliacha nafasi pembeni yake kwenye benchi.

Mwezi wa pili wa ndoa yetu alinipeleka Migori kununua mafuta ya manukato. Muuzaji alikuwa mzee kutoka pwani, anakaa kando ya maduka ya nguo na sanduku lake la vichupa. Mume wangu alichagua kimoja, akafungua, akanusa, akatoa hela. Mzee akaukataa mkono wake.

"Mwanangu, hii si soda," alisema. "Jipake, nenda zako, urudi alasiri. Ukiwa bado unayapenda alasiri, hapo tutazungumza."

Basi tukazunguka Migori siku nzima kama watu waliopoteza ng'ombe. Kila mara niliingiza pua yangu shingoni mwake, wanawake wa nyanya wakacheka na mmoja akatuuliza kama hatuna nyumba. Saa tisa nilinusa nikarudi nyuma. "Ni ngozi!" nikamwambia. "Unanunua ngozi ya kufichia ngozi?"

"Ndiyo," alisema. "Watu wakisema nanuka ngozi, nitawaambia ni manukato. Wakisema ni manukato, nitawaambia ni kazi. Watashindwa washike lipi." Alikuwa mtu wa namna hiyo. Tulirudi kwa mzee tukanunua, na tangu siku hiyo sikuweza tena kutenganisha mume wangu na chupa ile.

Mume wangu alikufa wakati mtoto wetu wa kike ana miaka mitatu. Lori la ngozi lilipinduka kwenye kona, yeye alikuwa juu ya mzigo. Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu ajali, kwa sababu sikuiona, na waliyonieleza walioiona nimejitahidi kuyasahau.

Katika boma lile, mjane ana masharti. Haingii nyumba za watu mpaka wazee wamalize mambo yake. Hapeani mkono. Hajirembi. Na juu ya yote hamjui mwanamume yeyote kabla ya wakati, kwani akimjua analeta chira, na chira haimpigi yeye, inampiga mtoto: anakonda, anakohoa, anaisha. Mimi sikulelewa na imani hiyo, lakini mama mkwe wangu aliijua kama anavyojua njia ya mtoni. Nasema hili mapema ili asionekane mtu mbaya. Kwa muda mrefu nilimwona mbaya kuliko watu wote wa dunia.

Siku ya kugawa nguo za marehemu waligawa kila kitu. Koti lilikwenda kwa ndugu yake, viatu kwa binamu, hata shati la kazini lenye madoa ya chumvi lilipata mtu. Nilikaa nikitazama mume wangu akiondoka vipande vipande kwenye mikono ya watu. Sikubakiwa na kitu ambacho ningeweza kunusa.

Wiki mbili baadaye alikuja mwenzake wa kazini kutoka Migori, Mkuria mwenzangu, mtu mzito wa maneno. Alileta baiskeli ya marehemu na kisu chake cha ngozi, akavikabidhi kwa mama mkwe kama ilivyo desturi. Kisha akanijia nilipokuwa nimekaa mlangoni kwangu, akanipa pole kwa Kikuria, na wakati wa kuinuka akaniwekea kitu kiganjani. Ilikuwa ile chupa. Marehemu alikuwa anaiweka kazini, kwenye mfuko wa aproni. Aliniambia pia kwamba yule mzee wa pwani amekwisha kufunga sanduku lake na kurudi kwao, kwa hiyo niitunze.

Nilipofumba mkono niliinua macho, nikamwona mama mkwe akitutazama.

"Hiyo kitu amekupa ni nini?" aliniuliza mgeni alipoondoka.

"Hakuna, Mama."

Neno moja tu, na nimelijutia kuliko maneno yote niliyowahi kusema. Ningefungua kiganja mambo yangeishia pale. Lakini nilijua angeichukua. Ilikuwa mali ya marehemu, ilipaswa kugawiwa kama vitu vingine, na mimi nilikuwa nimechoka kugawa.

Kila asubuhi niliingia ndani, nikachovya kijiti cha kiberiti, nikajipaka tone moja kwenye mkono kwa ndani, pale mishipa inapoonekana. Kisha nikaenda kulima, kuteka maji, kupasua kuni. Ndimu ilinikera, sikuitaka, niliivumilia tu ipite. Moshi ulinipa moyo. Na saa tisa, nikiwa nimeloa jasho, niliinua mkono kana kwamba najifuta uso, na alikuwepo. Nilikuwa na mume kuanzia saa tisa mpaka jua kuzama. Mtu anayeniona ningemdanganya kwamba nina nguvu, kumbe nilikuwa nimeshikwa na harufu tu.

Sikuwaza kwamba watu wengine wana pua.

Mama mkwe aliigundua kabla ya mwezi kwisha. Alianza kupita karibu nami asubuhi, na tena jioni. Kichwani mwake alijenga kesi ambayo, nikisema kweli, hata mimi ningeiamini. Asubuhi mkwe ananuka ndimu. Nani anajiosha kwa ndimu? Mtu mwenye harufu ya kuficha. Jioni ananuka ngozi. Ngozi inatoka wapi, mwenye ngozi wa boma hili amelala kaburini? Inatoka kwa mwingine. Na nani mwingine, kama si yule Mkuria aliyekuja kunong'ona naye kwa lugha yao na kumpa kitu mkononi? Basi huja mchana, mkwe akiwa peke yake shambani, na asubuhi yake mkwe anajisugua kwa ndimu.

Kisha mtoto akaanza kukohoa.

Nilimpeleka zahanati, nikapewa dawa ya kifua, na kikohozi kikaendelea. Mbavu zake zikaanza kuonekana. Mama mkwe alimchukua akalala naye nyumbani kwake, na nilipokwenda kumdai nilisimama nje ya mlango, kwa kuwa sikuruhusiwa kuingia, nikimsikia mwanangu ndani akiniita. Siku tatu nilisimama hapo nje. Nilikuwa tayari kumpiga mtu.

Siku ya nne waliniletea uamuzi. Walikuja kwangu asubuhi, mama mkwe na baba mkubwa wa mume wangu, mzee aliyewahi kuwa karani wa josho la ng'ombe, mwenye saa ya mkononi na tabia ya kuitazama kabla ya kusema lolote. Walikaa kwenye viti nje ya nyumba yangu. Mtoto alikuwa mapajani mwa bibi yake.

"Nyar Kuria," mzee alinianza, binti wa Ukuria, ndivyo walivyoniita. "Hatutaki kelele. Jumatatu tutakurudisha kwa baba yako, salama, na vitu vyako. Mtoto ni wa hapa."

"Nimefanya nini, Baba?"

Alijibu mama mkwe, na hakupaza sauti. "Unanuka mwanaume. Kila jioni. Mimi si mtoto, pua yangu iko. Unataka nyathi, huyu mtoto, akufe ndio uachane na hiyo mtu?"

Nilitazama chumba changu, nikatazama mtoto, na kwa mara ya kwanza nikaona shimo nililojichimbia. Nikinyamaza, mimi ni mzinzi. Nikisema, mimi ni mwizi wa mali ya marehemu na mjane anayejipaka manukato kaburi likiwa bado bichi. Niliingia ndani nikatoka na chupa, nikapiga magoti mbele yao kwenye udongo. Nilieleza yote. Nililia huku nikieleza, na kilio kiliharibu maelezo, nikaonekana kama mtu anayetunga.

Mzee aliifungua, akanusa. "Hii ni ndimu," alisema.

"Ndimu ni ya asubuhi, Baba. Ngozi inakuja saa tisa."

"Harufu inakuja saa tisa? Kama basi?"

Mama mkwe alitema mate pembeni. Nikasema nipakeni wenyewe. Nipakeni sasa hivi, mkae hapa, mnitazame, nisiinuke, nisiguswe na mtu, na ikifika saa tisa mninuse. Ikiwa ni ndimu bado, au ni hewa tupu, nitaondoka leo, sitangoja Jumatatu.

Mzee aliitazama saa yake. Ilikuwa saa tatu kasoro. Nadhani alikubali kwa sababu alikuwa karani: alipenda jambo lenye saa ndani yake. Aliipindua chupa juu ya mkono wangu, na kwa kuwa hakujua habari ya kijiti cha kiberiti, mafuta yote yaliyobaki yalimwagika. Yalikuwa kidogo, matone mawili au matatu. Niliona chupa ikibaki nyeupe, nikajizuia nisipige kelele.

Tukakaa. Sijui kama kuna anayeweza kuelewa tulivyokaa. Watu wazima watatu na mtoto, tukingoja mkono. Mzee aliagiza moto uzimwe katika jiko la mama mkwe, ili mtu asije akasema moshi ni wa jikoni. Kwa hiyo hakuna kilichopikwa. Mtoto alilia njaa, akapewa kiazi baridi cha jana, akalala.

Na siku yenyewe ilinigeuka. Kulikuwa na mawingu mazito na upepo wa baridi, manyunyu yakaja na kwenda. Saa tano mzee aliinama akanusa. "Ndimu." Saa sita, ndimu kidogo. Saa saba aliinama, akakaa muda, akainuka. "Hakuna kitu," alisema.

Nilinusa mwenyewe. Kweli. Sabuni na baridi, basi. Nilisugua pua yangu pale mpaka mama mkwe akaniambia niache. Hakuna moshi. Hakuna ngozi. Saa nane ikawa hivyo hivyo. Nilianza kuongea na mume wangu moyoni, na sikumwomba, nilimtukana. Nilimwambia ulinunua ndimu, tuliibiwa, mzee wa pwani alitufanya wajinga, na sasa mtoto wako analelewa bila mama kwa sababu ulitaka kunukia vizuri kanisani. Nilimwambia toka. Toka sasa au usitoke tena. Sijawahi kumwomba Mungu kwa nguvu niliyotumia kumtukana mume wangu mchana ule.

Mama mkwe alianza kukusanya leso yake kuinuka. Mtoto aliamka akakohoa. Nilitazama ule mkono wangu, umekufa ganzi mapajani, vinyweleo vimesimama kwa baridi, na nikauona kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mkono ule haukuwahi kukaa bure siku yoyote niliyopaka mafuta. Siku zote saa hizo nilikuwa na jembe. Mume wangu naye, siku ile ya Migori, alikuwa ametembea juani tangu asubuhi.

"Baba," nikasema, "yanataka joto. Nipeni kazi."

"Saa tisa imekaribia."

"Nipeni kazi hapa hapa, mbele yenu. Nitwange."

Mzee alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alinitazama mimi, akasema, "Mpe atwange. Hata mwizi anapewa maji." Kinu changu kilikuwa pembeni ya nyumba, na muhogo mkavu ulikuwa juu ya paa la ghala, umefunikwa na nailoni. Nilimimina, nikashika mchi.

Nilitwanga kama mtu anayemuua nyoka. Unga uliruka ukanijaa usoni. Mabega yaliwaka, mgongo ukawaka, kitambaa cha kichwa kikaanguka sikukiokota. Jasho lilitoka kwapani, likaja kifuani, na mwisho nikaliona likichuruzika kwenye mkono kwa ndani. Sikunusa. Niliogopa kunusa. Mzee alitazama saa yake, akafungua mdomo, nikaongeza kasi ili nisimsikie. Nilitwanga mpaka muhogo ukawa vumbi, na nikaendelea kuutwanga ukiwa vumbi.

Mama mkwe ndiye aliyeinuka. Alimweka mtoto chini, akanijia, akaushika mkono wangu katikati ya pigo. Ninasema aliushika. Mwanamke yule ambaye kwa siku zote za msiba hakunigusa, kwa sababu mjane haguswi, alinishika kiwiko kwa mikono miwili na kuinamisha uso wake mpaka pua ikalala kwenye ngozi yangu.

Hakuinua kichwa. Nilihisi pumzi yake, inaingia, inatoka, inaingia. Mzee aliuliza, "Ni nini?" Akaja naye akainama upande wa pili, akanusa, akasimama wima na kuvua kofia. "Ni ngozi," alisema, na sauti ya karani ilikuwa imekwisha.

"Wuoda," alisema mama mkwe. Mwanangu. Neno hilo nililijua, sikuhitaji kutafsiriwa.

Kisha alisema kwa Kiswahili, uso ukiwa bado kwenye mkono wangu, "Kila jioni nilikuwa nanusa mtoto yangu kwa mwili yako. Kila jioni. Nikasema huyu ni mtu mwingine, huyu ni mtu gani ananuka kama mtoto yangu. Nilikuwa nataka kumuua huyo mtu."

Tulilia pale kwenye unga, na sikumsamehe, sio siku ile. Nililia kwa sababu nilikuwa nimempata mtoto wangu na kwa sababu chupa ilikuwa tupu. Alipomaliza, alichukua pembe ya leso yake akaipitisha mkononi mwangu, taratibu, mara moja, mara ya pili, akafuta jasho na mafuta yote mpaka ngozi yangu ikabaki yangu mwenyewe. Kisha akaifunga pembe ile fundo, kama wanawake wanavyofunga hela. Nilitaka kumnyang'anya. Nilinyoosha mkono, kisha nikaurudisha, nikamchukua mtoto nikaingia naye ndani.

Mtoto alipona kwa dawa nyingine aliyopewa hospitali ya Homa Bay, lakini hiyo ilikuwa wiki mbili baadaye, na haihusiani.

Kesho yake, saa tisa, mama mkwe alikuja akaketi karibu yangu mlangoni. Alifungua fundo, akanusa, kisha akaniletea leso puani. Mume wangu alikuwepo, kwa mbali. Siku iliyofuata tukafanya hivyo tena. Hatukuongea juu ya yaliyopita, hata mara moja. Alikuwa mtu wa ugoro, na ugoro wake pia alikuwa anaufunga kwenye leso hiyo.

Ilipofika Jumapili fundo lilinuka ugoro mtupu. Alinipa nikanusa, nikamrudishia, akanusa yeye, na tukaendelea hivyo mpaka jua lilipozama.